Hilux ya klachi: hendibreki imevutwa, gia imetiwa, na bado imeteremka yenyewe Mkoani. Kwa nini?

#1 MpembaGatini
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina suala.

Khalu wangu ana pikapu, Toyota Hilux ya dizeli, ya klachi, nyuma ina breki za dramu (lile duara la chuma linalozunguka na tairi). Juzi ilikuwa Mkoani inasubiri kupakiwa mzigo wa kuteremsha gatini. Dereva kaiegesha kwenye mteremko, pua inatazama baharini, kavuta hendibreki mpaka juu, katia gia namba moja, kazima, kafunga milango, kenda kuswali adhuhuri. Kurudi baada ya nusu saa hivi kaikuta imesogea mbele kama mita mbili, tairi ya mbele kushoto imekwama kwenye mzizi wa mwembe. Ufunguo anao mfukoni. Hakuna aliyeisikia ikienda.

Lau si mzizi ule, chini yake pana meza ya urojo na njia wanayopita watoto wakitoka skuli. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nataka kujua kilichoisogeza ni nini, maana hendibreki ipo na gia ipo.

#2 Yakhe_Malindi
Waalaykum salaam. Yakhe, gari imeona meli imefunga gati ikataka kupanda kabla ya abiria.

Mie naona hendibreki haikuvutwa. Dereva yeyote ukimuuliza atakwambia kavuta.

#3 FundiNyundo_Chake
#2 usimlaumu mtu kabla hujainama chini ya gari.

MpembaGatini, Hilux hizo zina ugonjwa mmoja tunaoujua sana gereji. Waya wa hendibreki hauendi moja kwa moja kwenye liningi (vile vipande vya ndani vinavyoshika dramu). Unafika nyuma ya sahani ya dramu na kuvuta kikono cha chuma, na kikono hicho ndicho kinachosukuma ndani ili liningi zifunguke zishike dramu. Sasa kikono kimekaa nje, chini kabisa, kinakula matope ya masika na chumvi ya pwani. Kikishika kutu hakizunguki. Wewe ndani ya gari unavuta hendibreki, mkononi unaihisi ngumu, unasema imebana. Iliyobana ni kutu, liningi hazijagusa kitu.

Kujaribu: tafuta pahala tambarare, tia kabari tairi za mbele, inua nyuma kwa jeki na uweke stendi, gia iwe nyutro, vuta hendibreki. Zungusha tairi moja moja kwa mkono. Mara nyingi upande mmoja unashika na mwengine unazunguka kama hakuna breki.

#4 Msambaa_Lushoto
Wakuu habari zenu. Poleni, ila naomba kuuliza, hivi Pemba kuna mlima wa kuteremsha gari? Njooni Lushoto muone kona. Kwetu huku ukiegesha unavuta hendibreki, unatia gia, unaweka jiwe. Vitu vitatu, hakuna mjadala.

#5 MpembaGatini
#4 ndugu yangu wa bara, gari haitaki mlima kama Kilimanjaro ili iteremke. Kisiwa hiki chote ni vilima na mabonde, na Mkoani mji umekaa juu, gati liko chini. Njoo na breki zako za Lushoto tukuone pale.

#3 ahsante fundi, kikono nitakiangalia.

#6 MaalimFizikia
Kabla ya kujibu kwa nini, tupime kwanza nguvu yenyewe, maana watu hudhani gari iliyosimama haifanyi kazi. Chukua mteremko unaoshuka mita 1 katika kila mita 10 za njia. Gari ya kilo 1,500 hapo inavutwa chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 150. Ikiwa na mzigo ikafika kilo 2,000, inakaribia 200. Nguvu hiyo haipumziki. Wewe uko msikitini, uko sokoni, umelala, yenyewe inavuta tu.

Kwa hiyo MpembaGatini tuambie: ilikuwa tupu au ina mzigo?

#7 Mzee_wa_Dyna
Wanangu, mie nimeendesha magari ya mizigo tangu hamjazaliwa wengi wenu. Hendibreki ni waya, na waya hurefuka. Gia ni chuma. Chuma ndiyo breki ya kuegeshea. Na hiyo Hilux hendibreki yake iko kwenye propela, ile shafti inayopeleka nguvu tairi za nyuma, pale nyuma ya giaboksi, haina habari na dramu za tairi. Huyo dereva gia hakuitia sawasawa.

#8 FundiNyundo_Chake
Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, la propela ni la malori madogo kama Dyna na Canter, ndiyo yana dramu moja peke yake nyuma ya giaboksi inayoshika shafti. Land Rover za zamani nazo hivyo hivyo, dramu iko nyuma ya giaboksi ndogo. Hilux hendibreki yake iko kwenye dramu za tairi za nyuma.

#9 Mzee_wa_Dyna
Marahaba mwanangu. Haya, kwa Hilux nakubali. Lakini kwa kuwa umezitaja, waambie vijana jambo lake maana linaua watu. Gari yenye hendibreki ya propela ukiinua tairi moja ya nyuma kwa jeki, hendibreki haipo tena. Shafti imeshikwa, sawa, lakini difu (meno yanayogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma) inaruhusu tairi iliyo hewani izunguke upande mmoja na ya chini izunguke upande wa pili. Gari inatoka juu ya jeki na wewe uko chini yake unafungua nati. Gia nayo haikusaidii hapo, sababu ni ile ile. Kabari kwanza, halafu jeki.

#10 BintiMachomane
#9 Allah akuweke baba. Hili sikuwahi kulisikia, na ndugu zangu wawili wana Canter.

#11 Ughaibuni_London
Salaam kutoka baridini. Huku Uingereza hili lipo kwenye kitabu cha sheria za barabarani, Highway Code, kanuni ya 252, na mtihani wa nadharia unatungwa humo humo. Gari ikitazama juu: tia gia ya kwenda mbele, usukani ugeuze mbali na ukingo wa njia. Ikitazama chini: tia rivasi, usukani ugeuze kuelekea ukingo. Na hendibreki uivute kwa nguvu.

Dereva wa #1 alitazama chini akatia namba moja. Alitakiwa atie rivasi. Kosa liko hapo.

#12 Yakhe_Malindi
Ukingo upi bwana? Njia za Pemba ukitoka lami unaingia mtaroni, ukitoka mtaroni uko kwenye mgomba wa mtu.

#13 Ughaibuni_London
#12 pasipo na ukingo unageuza tairi zitazame pembezoni mwa njia, ukiwa unatazama juu au chini sawa sawa. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kushoto. Ikiponyoka iingie mtaroni au mgombani, isiteremke katikati ya njia kwenye watu. Mgomba utachipua.

#14 MaalimFizikia
#11 kanuni umeinukuu vyema, lakini sikubali kwamba kosa ni namba moja.

Gari iliyozimwa ikiwa kwenye gia inashikwa na injini. Tairi zikitaka kuzunguka lazima zizungushe injini, na injini ikizunguka lazima pistoni igandamize hewa ndani ya silinda. Hewa hiyo ndiyo inayokataa. Ukiizungusha injini mbele au nyuma, katika kila mzunguko kuna pistoni inayopanda huku valvu zimefungwa. Inakataa pande zote mbili. Kinachotofautisha ni uwiano wa gia tu, na katika giaboksi nyingi rivasi na namba moja hazipishani sana. Ukitia namba nne au tano ndiyo umejidanganya, hapo tairi inaizungusha injini kirahisi.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo watu hawalifikirii. Hewa iliyogandamizwa haikai milele. Inavuja pembeni ya ringi za pistoni pole pole. Ikishavuja, pistoni inapita juu, gari inasogea kidogo, silinda inayofuata inashika. Nayo inavuja. Gari inatambaa.

Tupige hesabu ya Hilux ya #1. Namba moja pamoja na difu, injini inazunguka kama mara 16 tairi ikizunguka mara moja. Tairi moja ikizunguka inakwenda kama mita 2.2. Mita mbili basi ni mizunguko ya injini kama 14 au 15. Injini ya silinda nne ina migandamizo miwili kila mzunguko, jumla kama 29. Kwa nusu saa, ni karibu mgandamizo mmoja kila dakika. Kwa injini iliyochoka hilo linawezekana kabisa. Na ndiyo maana hakuna aliyeisikia, haikukimbia.

#15 Msambaa_Lushoto
Maalim hapo umenimaliza. Yaani gari ilikuwa inatembea hatua kwa hatua watu wanapita pembeni hawaoni?

#16 FundiNyundo_Chake
Hesabu nzuri lakini maalim umesahau kwamba hewa haikuwa peke yake. Hendibreki kama ingeshika hata nusu, kompresheni (huo mgandamizo wa hewa) isingepata kazi hiyo. Kwa hiyo tunarudi pale pale kwenye kikono.

Na dizeli kompresheni yake ni kubwa kuliko petroli. Hewa ndani ya dizeli inabanwa mara 16 hadi 22, petroli za kawaida mara 9 hadi 11. Dizeli nzima ukiitia gia mlimani inakaa.

#17 MaalimFizikia
"Dizeli nzima." Umesema mwenyewe. Na kadiri inavyobanwa sana ndivyo inavyotafuta pa kuvujia.

#18 Muscat_Seeb
Ahlan wa sahlan jamaa zangu. Sie huku Muscat tumezungukwa na milima ya mawe, ukiteremka breki zinanuka. Nawapa sababu ya tatu. Breki ikiwa moto chuma kinavimba. Unavuta hendibreki kikiwa kimevimba, unaondoka, chuma kinapoa kinanywea, pedi zinabaki zimelegea. Gari inaondoka baada ya dakika kadhaa wewe huna habari. Dereva si katoka kuteremka mpaka Mkoani na mzigo? Breki zilikuwa moto. Hilo ndilo lililotokea.

#19 MaalimFizikia
#18 kwa gari zenye diski nyuma (sahani inayobanwa na pedi) uko sahihi kabisa, na ndiyo sababu gari za diski huvutwa hendibreki kwa nguvu zaidi, au huvutwa tena breki zikishapoa. Lakini Hilux ni dramu. Liningi ziko ndani ya dramu zinasukuma kwenda nje. Dramu ikipoa inanywea kuja ndani, inazibana liningi zaidi. Kwa dramu, kupoa kunasaidia.

#20 Muscat_Seeb
Haya, dramu nimekuachia. Wenye diski wachukue.

#21 BintiMachomane
Mnazungumza hewa na dramu, mie nataka kusema la mawe, kwa sababu #4 kalitaja kama jambo jepesi.

Dereva anaegesha, anaokota jiwe la matumbawe, analiweka nyuma ya tairi. Anaondoka, jiwe analiacha katikati ya njia. Usiku vijana wa bodaboda wanalikuta. Njia ya Chake kwenda Wete sehemu nyingi hazina taa, na mvua ikinyesha hulioni mpaka uko juu yake. Tumewapeleka watu spitali kwa sababu ya mawe haya. Jiwe limemlinda mwenye gari kwa muda wa kununua samaki, halafu limemvunja mtoto wa mtu mguu.

Kama mnataka kuzuia tairi chongesheni kabari ya mbao, toboeni tundu, fungeni kamba kwenye bodi ya gari. Ukisahau kuitoa itakufuata.

Na kuhusu #1, mmewauliza watoto wa pale? Pikapu imesimama kwenye kivuli cha mwembe, mchana, watoto wametoka skuli. Watoto watano wakiruka ruka juu ya bodi gari inatikisika mpaka breki mbovu inaachia. Nimeliona kwa macho yangu, si la kuambiwa.

#22 Mzee_wa_Dyna
Binti kasema kweli tupu. Kabari yangu ya mfenesi nimeifunga kamba ubavuni, miaka mingi haijapotea. Na jiwe la mviringo halifai hata kwa kazi yenyewe, tairi yenye mzigo hulipanda au hulisukuma ikaenda nalo.

#23 Escudo_Paje
Mimi ninakodisha Suzuki Escudo kwa wageni, na nina maoni tofauti na wazee. Gia ina hatari yake. Mtu anaegesha ndani ya gia, anakuja mwengine hajui, anageuza ufunguo bila kukanyaga klachi, gari inaruka mbele. Mgeni mmoja aliitia Escudo kwenye ukuta wa nyumba ya kulala wageni namna hiyo, na kwenye ukuta alikuwa amekaa mtu. Alhamdulillah mtu yule aliinuka upesi. Gari nyingi za karibuni hukataa kuwaka mpaka klachi ikanyagwe, lakini hizi zetu za zamani zinawaka tu.

Kwetu huku ni tambarare tupu. Nawaambia wageni: hendibreki, nyutro, basi.

#24 Yakhe_Malindi
Paje hata ukiiacha bila breki haiendi popote, mchanga umeishika.

#25 Mzee_wa_Dyna
#23 huyo mgeni kosa lake ni kuwasha gari bila kukanyaga klachi. Kabla hujagusa ufunguo mguu uko kwenye klachi, mkono unatikisa gia. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Huwezi kuiacha gari mlimani bila gia kwa sababu kuna mtu hakufundishwa.

#26 Escudo_Paje
Mzee shikamoo, kwa mlimani sina ubishi. Lakini na nyie wa "hendibreki daima" nisikieni. Msimu ukiisha gari zinakaa bandani muda mrefu, upepo wa bahari umejaa chumvi. Ukiiacha hendibreki imevutwa, liningi zinagandana na dramu kwa kutu. Siku ya kuitoa gari tairi za nyuma hazizunguki, unagonga dramu kwa nyundo mpaka jasho. Gari ya kukaa muda mrefu mahali tambarare: gia na kabari, hendibreki ishushe.

#27 FundiNyundo_Chake
#26 hilo la kugandana ni kweli, kazi hiyo tunaipata sana mvua za masika zikikata.

Ila kuna upande wa pili. Toyota nyingi zenye dramu, kirekebishaji cha liningi kinafanya kazi pale unapovuta hendibreki. Kila ukivuta na kuachia, liningi zikiwa zimelika, kinasogea jino moja kuzikurubisha na dramu. Dereva wa "gia tu, hendibreki ya nini" anaendesha gari ambayo liningi za nyuma hazisogezwi. Mwisho hata breki ya mguu inashuka chini. Kwa hiyo #7 mzee wangu, chuma chako kizuri, lakini waya nao una kazi yake. Ukihesabu mlio wa meno ukivuta hendibreki, ukifika manane tisa na bado unapanda, ilete gereji.

#28 Msambaa_Lushoto
Fundi, ukivuta hendibreki unabonyeza kile kitufe au unaacha ilie?

#29 FundiNyundo_Chake
Bonyeza huku unavuta, ukifika juu achia kitufe. Meno hayaliki. Kisha ijaribu kuishusha bila kubonyeza, uhakikishe jino limeshika.

#30 Mzee_wa_Dyna
Ikilia wewe unajua imeshika. Isipolia unaamini tu.

#31 MpembaGatini
Nimerudi. Majibu ya masuala yenu.

Maalim #6: ina mzigo. Dereva aliiegesha tupu, ikapakiwa pale pale: magunia ya nazi na mikungu ya ndizi mpaka bodi ikakaa chini. Wapakiaji wakenda kuswali wote.

#18: haikuwa imeteremka na mzigo, ilikuja tupu, sidhani kama breki zilikuwa moto.

#21: watoto wa mtaa wameulizwa, wote wanasema hawakupanda. Nyinyi mnawajua watoto.

Fundi: tumeinua nyuma kama ulivyosema. Kulia inashika kidogo kidogo. Kushoto inazunguka bure, kikono kimeganda, hata kwa nyundo hakikutingishika. Na maalim, asubuhi gari hii huwaka kwa tabu, inazunguka sana ndiyo inashika, na moshi mwingi.

#32 FundiNyundo_Chake
Si niliwaambia. Nusu ya hendibreki haipo. Kesi imekwisha.

#33 MaalimFizikia
Haijesha. Nusu ya hendibreki haipo tangu lini? Kutu ya kugandisha kikono si ya wiki moja. Gari hii imeegeshwa mteremko ule ule miezi yote na haikusogea. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu siku hiyo ilivutwa hendibreki ikiwa tupu kisha ikapakiwa, na injini yake imechoka, inavujisha. Kuwaka kwa tabu ni dalili ya kompresheni ndogo.

#34 FundiNyundo_Chake
Au plagi za moto, zile zinazopasha silinda wakati wa kuwasha, zimekufa. Dizeli plagi zikifa nayo huwaka kwa tabu na moshi, hata kompresheni iwe nzima. Usiihukumu injini ya mtu bila kuipima.

Na la mzigo niongeze: Hilux springi zake ni za majani. Bodi ikikaa chini eksi inahama kidogo na waya unakaa vingine, unaweza kulegea au kukaza. Ndiyo maana ukishapakia uivute hendibreki upya.

#35 Msambaa_Lushoto
Mimi nina wazo la nne. Gia ilichomoka. Giaboksi ikichoka, namba moja haikai, gari ikitikiswa na wapakiaji inarudi nyutro yenyewe. Ikaondoka, mzizi ukaidaka. Hakuna kutambaa wala nini.

#36 MpembaGatini
Dereva anaapa aliikuta bado iko namba moja.

#37 Yakhe_Malindi
Dereva huyo huyo wa #2? Haya.

#38 Ughaibuni_London
Nauliza tu, kuna mtu kaangalia ile rivasi niliyoisema? Huku mafundi wengine hawapendi injini izungushwe kinyume, wanasema mkanda au cheni ya taimingi (inayoendesha valvu) hulegea upande usiotakiwa. Kwa hiyo hata huku rivasi ukitazama chini ina wapinzani. Mimi kitabu ndicho nilichofundishwa.

#39 FundiNyundo_Chake
Cheni iliyokwisha, labda. Nzima haina neno.

#40 Baharia_Tumbatu
Salaam. Mie nawaeleza ya melini, kwa sababu gari melini iko kwenye mteremko unaogeuka kila dakika. Mkondo wa Nungwi ukikasirika, gari iliyokuwa inatazama juu sasa hivi inatazama chini. Hapo hakuna cha rivasi wala namba moja. Tunataka hendibreki, gia, kabari mbele na nyuma ya tairi, na minyororo kwa gari nzito. Wenye gari hutulaumu kwamba tunawachelewesha. Gari moja ikitembea ndani ya meli inagonga ya pili, ya pili inagonga ya tatu, na uzito wote unahamia upande mmoja. Hilo si la gari tena, ni la roho za watu.

#41 BintiMachomane
Umesema kaka. Nasi nchi kavu tungefanya hivyo pia.

#42 Yakhe_Malindi
Na sie wa Vitz za otomatiki je? Tukitia P tumesalimika?

#43 FundiNyundo_Chake
P ni jino dogo ndani ya giaboksi linaloingia kwenye gurudumu la meno. Ukitia P mlimani bila hendibreki gari yote inaning'inia kwenye jino hilo, ndiyo ile "kda!" unayoisikia ukitaka kuondoka. Kanyaga breki, vuta hendibreki, achia mguu gari ikalie hendibreki, kisha P. Lakini uzi huu ni wa klachi bwana.

#44 Mzee_wa_Dyna
Na kwa klachi utaratibu ni huo huo: mguu kwenye breki, hendibreki, nyutro, achia mguu pole pole uone kama inakaa. Isipokaa umeshajua mapema, na mguu wako bado upo ndani ya gari. Ikikaa ndipo utie gia. Huyo dereva angefanya hivi pale Mkoani, hendibreki mbovu ingejulikana kabla ya adhuhuri.

#45 MaalimFizikia
Ikiwa tupu ingekaa, mzee. Upande wa kulia ulikuwa unashika kidogo. Angejiridhisha, angekwenda kuswali.

#46 Mzee_wa_Dyna
Basi ajaribu tena ikishapakiwa. Kuna uzito gani kuvuta hendibreki mara ya pili?

#47 MpembaGatini
Khalu kaagiza kikono na waya mpya. Dereva kapewa kabari. Ahsanteni, ingawa bado sijajua nimwambie khalu ni kikono, ni injini, au ni watoto.

#48 Msambaa_Lushoto
Au gia.

#49 BintiMachomane
Fundi, na mie nataka kuchongesha za gari ya mume wangu na za ndugu zangu. Seremala ananiuliza kimo.

#50 FundiNyundo_Chake
Isipungue robo ya kimo cha tairi. Tairi ya sentimita 70, kabari iwe 17 au 18. Upande wa tairi achonge mshazari, chini aache magome au apige mpira wa tairi kuukuu isiteleze kwenye lami yenye mvua. Mbili kwa kila gari, ziwekwe upande wa chini wa mteremko, zikumbatie tairi kabisa. Ukiacha nafasi ya kidole gari itapata mwendo kabla ya kuifikia.

#51 Mzee_wa_Dyna
Mfenesi, si mnazi. Mnazi unapasuka.

#52 FundiNyundo_Chake
Mnazi mkavu wa chini ya mti haupasuki, mzee.

#53 Mzee_wa_Dyna
Unapasuka.